Mwano ulipigwa tukiwa darasani: Mama Kulwa na kijiji kilichoacha kumsalimia

Wakuu, heshima kwenu.

Niko gesti hapa Tunduma, mvua imenizuia siku ya pili. Mvua ikinizuia mahali huwa namkumbuka huyu mama. Kijiji na shule sitavitaja, mengine ni kama nilivyoyaona na nilivyosimuliwa.

Mimi ni mtu wa Masasi. Miaka ya themanini ukifaulu darasa la saba, serikali inakupangia shule inakotaka yenyewe. Nikapangiwa sekondari ya bweni mbele ya Kahama, njia ya Ushirombo. Baba alimuuliza mwalimu wangu, "Kahama ndiyo wapi?" Mwalimu naye akaenda kutazama ramani.

Basi hadi Ndundu, kusubiri pantoni ya kuvuka Rufiji, Dar, halafu treni daraja la tatu nimekalia sanduku langu la bati mpaka Isaka. Kutoka hapo ni juu ya lori la pamba. Nilifika nywele zimejaa pamba, wenzangu wakaniamkia shikamoo wiki nzima.

Sasa, wanafunzi wa mbali likizo fupi hatukwenda nyumbani. Shule ilikuwa na utaratibu wake: kila mgeni anapewa wazazi kijijini. Jumapili unakwenda kulima nao, unachota maji, unakula, unarudi bweni. Siku ya wazazi wanakuja na vyungu vyao, unakaa nao kama mtoto wao wa kuzaa.

Mimi nilipewa kwa Mama Kulwa. Mwanawe Kulwa tulisoma darasa moja. Pacha wake, Doto, alifariki akiwa mchanga.

Siku ya kwanza mama alinitazama juu hadi chini. "Mwembamba hivi, kwao wanakula nini?"

"Panya, mama," Kulwa akasema, akinitania mtu wa kusini.

"Basi hatapata shida. Ghalani kwetu wamejaa."

Tukacheka wote watatu. Kabla jua halijazama alikuwa ameanza kuniita Doto, na hakuniita jina jingine tena.

Baba Kulwa nilimwona mara mbili tu. Alikuwa machimboni Nyarugusu, anafukuza dhahabu.

Vijana wa siku hizi hamjui wizi wa ng'ombe ulivyokuwa kule. Ndiyo maana sungusungu, walinzi wa jadi wa vijiji, walianza. Mwano ukipigwa, yaani lile yowe la hatari, kila mji, kwa maana ya kaya, lazima utoe mwanamume mwenye upinde. Mji usiotoa mtu unatengwa. Hawakusalimii, hawakupi moto, kisimani unasubiri wote waondoke. Mpaka utoe dume la ng'ombe lichinjwe, watu wale, yaishe.

Tulikuwa kidato cha tatu, kipindi cha hesabu, asubuhi. Mwano ukasikika kutoka bondeni. Kulwa akasimama.

Mwalimu alikuwa mgeni kama mimi. "Wewe, unakwenda wapi?"

"Mwano huo, mwalimu. Kwetu hakuna mwanamume mwingine."

"Kaa chini. Hapa ni shule, siyo porini."

Kulwa akakaa. Nilikuwa pembeni yake, hakuandika hata namba moja mpaka kengele ilipolia.

Mama alitoka mwenyewe na panga. Aliupokea mwano akaupeleka mbele, akakimbia na wanaume mpaka bondeni. Ng'ombe hawakupatikana, na mtu mmoja wa kijiji akafa kwa mshale wa wezi. Watu wakarudi na uchungu. Wakakaa kuhesabiana.

"Mji wa Baba Kulwa?"

"Mimi nipo," mama akajibu.

"Tunahesabu pinde, mama."

Basi. Mji ukatengwa, na dume la kutoa hawakuwa nalo.

Mimi na Kulwa tulikwenda kwa mkuu wa shule. Tulimwomba kitu kimoja tu, aende akaseme kijana alizuiwa darasani. Akatusikiliza vizuri, kisha akasema, "Mambo ya sungusungu siingilii. Hawa ndio wanaotupa kuni na mahindi."

Na ni kweli, ndio waliotulisha.

Siku ya wazazi ikafika. Kwaya ikaimba, hotuba zikasomwa, watu wakatawanyika kula chini ya vivuli vya madarasa. Mama akaja na ugali wa mtama, kuku, na kibuyu cha maziwa mgando. Akakaa mahali pake pa kila mwaka. Wanawake waliokuwa karibu wakakusanya khanga zao wakahama. 

Mkubwa wa sungusungu akatupitia wanafunzi. "Vijana, atakayekula pale, Jumapili asije kwetu."

Njaa ya bweni waliolala bweni wanaijua. Wenzetu wakainamisha vichwa. Siwalaumu.

Tukaenda wawili. Nilikuwa namega haraka haraka, aibu imenijaa. Mama akanishika mkono. "Kula taratibu, Doto. Tusionekane tunakimbia."

Wiki hiyo hiyo Kulwa akaacha shule. "Namfuata baba Nyarugusu. Nikirudi, nitarudi na dume."

Hakurudi. Wachimbaji waliopita walisema mzee alihamia mashimo mengine mbali zaidi. Mmoja alisema Kulwa naye ameingia shimoni anachimba. Mwingine akasema hamjui kabisa.

Niliendelea kwenda kila Jumapili. Watu wakaacha kunisalimia na mimi, nikazoea. Mama hakuzoea. Siku moja nilimkuta kwenye ua wa minyaa, wapita njia wanakwenda kanisani. "Mwangaluka!" anawaambia, salamu ya asubuhi ya Kisukuma. Wanapita kimya. Kisha yeye mwenyewe, kwa sauti ya chini, anaitikia kwa niaba yao.

Wakuu, hiyo sauti ninayo mpaka leo.

Nikamaliza kidato cha nne. Jumapili ya mwisho akanionya, "Kesho usiniage barabarani. Utingo ni mtu wa hapa, hawatakupakia."

Asubuhi lori likaja, utingo akapandisha sanduku langu. Mama alikuwa ng'ambo ya barabara, ameshika kifurushi cha michembe ya viazi vikavu, ametazama kwingine kama mtu anayesubiri jambo jingine kabisa.

Nikavuka. "Shikamoo, mama."

Akazidi kugeuza uso.

"Shikamoo, mama!"

"Marahaba, Doto. Umeshaharibu."

Nyuma yangu nikasikia sanduku limetupwa chini. Lori likaondoka na wenzangu wote. Mama akacheka, kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu Kulwa aondoke. Akajitwika sanduku langu. Nilipotaka kumpokea akakataa.

Tulitembea mpaka barabara kuu, jua likawa utosini. Likasimama lori la watu wa mbali. Dereva akachungulia.

"Shikamoo, mama. Huyu mwanao?"

Mama akafungua mdomo, akaufunga. Dereva akadhani hajasikia, akarudia shikamoo. Mama akaitikia kwa kichwa tu, machozi yanashuka, akanisukuma mgongoni nipande.

Nikiwa juu ya mzigo nilimwona anarudi. Wanawake waliotoka sokoni walipomkaribia, wakaiacha njia, wakapita majanini.

Sikurudi tena kule. Tangu hapo nimeishi miji mingi, na kote naondoka kabla hawajanizoea.

Nilichojifunza ni hiki. Shule ilimkalisha Kulwa kwa neno moja, na neno moja lingemtetea mama yake. La kwanza lilisemwa haraka, la pili likakosa msemaji. Ukimzuia mtoto wa watu, nenda mwenyewe ukaseme wewe ndiye uliyemzuia.

Kama uko Kahama, Geita au machimbo yoyote na umewahi kukutana na Msukuma mrefu anaitwa Kulwa, aliyeishia kidato cha tatu, mama yake alitengwa na sungusungu, tafadhali andika hapo chini. Hata kama habari ni mbaya, iandike.