Ridhaa ya Benadetha

Benadetha wa Nyanga alikuwa na siri moja tu maishani, nayo aliiharibu kwa kuitunza mno. Binti yake wa pekee, Kokubanza, alizaliwa na virusi vya UKIMWI. Baba mtu alishafariki, akazikwa pale pale kibanjani, kando ya migomba. Mtoto akakua akimeza vidonge kila jioni, akiambiwa ni dawa za kifua.

Ili majirani wasimwone akichukua dawa Bukoba mjini, Benadetha alizifuata Muleba. Kila baada ya miezi mitatu alibeba mkungu wa ndizi, akaaga kwamba anakwenda kumsalimia shangazi yake. Shangazi gani, waitu? Alikwisha kufa zamani. Ndizi zenyewe ziliishia kwa mlinzi wa kituo cha afya.

Elieth, nesi wa pale, alimsihi miaka nenda rudi: "Mama Koku, mwambie mtoto." Yeye akajibu kwamba ndiye mzazi, na bila ridhaa yake hakuna wa kumpima binti wala kumfungulia mdomo mpaka afikishe miaka kumi na minane. Hapo ndipo alipojidanganya. Hakuwa na roho mbaya, masikini. Alitaka mwanawe aisikie habari hiyo kinywani mwake mwenyewe, ila kila akitaka kuanza, ulimi ulimwia mzito.

Mwaka huu, Kokubanza akiwa na miaka kumi na sita, moyo ukamshinda Benadetha. Alikwenda Muleba akamwambia Elieth kwamba yuko tayari kutia sahihi, mradi yeye ndiye atangulie kumwambia binti.

"Sahihi yako haihitajiki tena," Elieth alisema taratibu. "Sheria ilishabadilishwa, Mama Koku. Tangu alipotimiza kumi na mitano anaweza kupima popote kwa ridhaa yake, na majibu akapewa yeye. Wahi nyumbani."

Akawahi. Alimkuta binti jikoni akimenya ndizi, akaketi karibu yake, akaanza: "Mwanangu, zile dawa..."

"Najua, mama." Kisu hakikusimama. "Nilipima mjini mwezi wa tatu."

Sasa ulikuwa mwezi wa kumi. Benadetha alihesabu miezi saba. "Mbona hukuniambia?"

"Nilikuwa nangoja uniambie wewe. Kila jioni ukiniletea kidonge nilisema moyoni, leo mama ataniambia. Wewe unanipa maji, unasema meza, kifua kitapona."

Uchungu wa kuzaa Benadetha aliujua, lakini huu hakuwahi kuuonja.

"Basi usisumbuke tena kwenda Muleba," Kokubanza alisema. "Dawa zangu nitachukua mwenyewe, hapa hapa Bukoba. Mimi simwogopi mtu."

Mama mtu akaangua kilio. Binti alimaliza kumenya ndizi, akaziosha, akainjika sufuria. Hakumnyamazisha.