Kitabu Kilicholala kwa Mwenzangu

Juzi mjukuu wangu alikitupa kitabu cha fasihi kwenye kochi, kile wanachosomeshwa shuleni, akaniambia mimi nyanya yake, "Kukhu, hii kitabu inaboo. Kiswahili yake ni ya watu wa kitambo." Nilifungua mdomo nimkemee, maana sisi wazee wa Busia tukikaa pamoja kazi yetu ni kulia kwamba Kiswahili kimeharibika. Badala yake nikakiokota. Kitabu ni chake mwenyewe, kizima, kimeandikwa jina lake, na anakitupa! Mwenzangu, niliona wivu, mimi bibi mzima wa kutembelea fimbo.

Miaka ile ya sitini, uhuru ukiwa bado mgeni, darasa letu zima lilikuwa na kitabu kimoja cha hadithi. Kimoja tu, nakwambia. Mwalimu alikuwa amekifunika kwa karatasi ya mfuko wa simenti ili mikono yetu isikimalize. Ijumaa ilikuwa siku ya Kiswahili. Ukiteleza ukaongea lugha ya kwenu, kiranja anakuvalisha kibao shingoni, na unakaa nacho mpaka umnase mwingine umpe. Anayekutwa nacho jioni anachapwa. Na msomaji bora ambaye hakukivaa siku hiyo, kitabu kinakwenda kulala kwake hadi Jumatatu.

Sasa nieleze kama hiyo ilikuwa haki. Kulikuwa na msichana mmoja, baba yake akiuza vitambaa mjini, Waislamu, na nyumbani kwao Kiswahili ndicho walichoamkia na kulalia. Angevaaje kibao, na lugha ya mama yake ndiyo iliyoruhusiwa? Sisi wa mashambani tulifika shuleni Kisamia kimejaa mdomoni, na kabla ya saa nne nilikuwa nimeshateleza. Akisoma yeye, mwalimu anafumba macho kwa raha. Nikisoma mimi, niliyekuwa wa pili nyuma yake, anakuna kichwa. "Kiswahili kitafia mikononi mwenu," alikuwa akituambia. Kumbe hata wakati huo kilikuwa mahututi.

Nilimchukia, sitaficha. Nilichukia nywele zake zilizosukwa vizuri, nikachukia mahamri yake yaliyonukia iliki hadi dawati langu, mimi nikiwa na kiazi kitamu cha jana. Na nyumbani kulikuwa na nyanya yangu. Hakujua kusoma, lakini kila siku nilimsimulia pale darasa lilipofikia, tukisaga wimbi, na alitaka kujua hadithi ile inaishaje. Kila Ijumaa aliliacha jiwe la kusagia akaniuliza, "Leo umekuja nacho?" Kila Ijumaa nilijibu sikuja nacho, na roho inaniuma.

Msichana yule hakuwa na wa kucheza naye. Tulipokuwa tukiruka kamba na kuimba kwa lugha yetu, alisimama pembeni akituangalia. Alhamisi moja akanifuata. "Nifundishe lugha yenu, tafadhali, nami niingie mchezoni." Hapo shetani akanikalia. Nilimfundisha salamu yetu, mulembe, nikamwambia, "Kesho asubuhi ukitukuta langoni, salimia kwa sauti kubwa. Salamu tu haihesabiwi kwenye kibao. Wasichana wote watakupenda." Alifurahi, akanikatia nusu ya hamri lake. Nikala, na lilikuwa tamu.

Ijumaa hiyo nilijikaza, sikusema neno hata moja la nyumbani. Nilihakikisha kiranja yuko nasi pale langoni. Msichana yule akaja mbio, meno yote nje. "Mulembe!"

Kiranja alimvalisha kibao palepale. Yeye alinitazama mimi, hakumtazama kiranja. Nilidhani atasema nani aliyemfundisha, hakusema. Siku nzima hakuna aliyeongea karibu naye, tuliogopa kunaswa, basi kibao kikabaki naye hadi jioni. Alichapwa viboko sita mbele yetu, na bado hakunitaja. Mimi nikaenda nyumbani na kitabu kifuani.

Jumamosi nyanya alitandika mkeka, akamwita na jirani. Nikaanza kusoma. Baada ya sentensi mbili nyanya akaniuliza neno fulani lina maana gani. Sikujua, nikabuni. La pili nikabuni, la tatu pia, mpaka mtu aliyekuwa akifunga ndoa nikamfanya amekufa, halafu ukurasa wa pili akawa anakula wali. Jirani alicheka hadi akashika mbavu. Nyanya hakucheka. "Funga," akasema. "Nenda ukamwulize anayejua."

Anayejua alikuwa mmoja tu. Jumatatu nilimwendea na maneno yangu kwenye kipande cha karatasi, nikingoja matusi. Aliipokea karatasi, akanieleza neno moja baada ya jingine, taratibu, kama mtu asiyekumbuka kitu. Akaendelea hivyo kila mapumziko mpaka muhula ulipoisha. Jioni nilimsimulia nyanya, naye akausikia mwisho wa hadithi yake.

Siku moja nilimwambia, "Njoo nami nikufundishe yetu, sasa kwa kweli." Akajibu, "Ahsante dada, inatosha," akasogea kwenye neno lililofuata. Mwaka uliofuata duka lao lilifungwa wakahama. Wengine walisema wamevukia Uganda, wengine Mombasa. Nyanya hayupo, na jiwe lake la kusagia sijui liliishia wapi.

Kanisani watu hunisifu Kiswahili changu, wanauliza kama nilisomea Pwani. Nacheka tu. Wivu wangu kwa msichana yule haujaisha, ila siku hizi namwonea wivu kwa ule moyo wa kutonitaja, maana mimi nimeutafuta kwangu nisiuone. Kiswahili hiki mnachonisifia ni chake, alinipa chote. Yeye aliondoka Busia na neno moja tu la kwetu, na hilo alilipia kwa viboko sita.