Mama Alipokwenda Kumpa Pole Mwimbaji

Nilianza kuongoza muziki Tunduma, katika kanisa lililo karibu na barabara ya malori, mahali ambapo mhubiri alilazimika kunyamaza kila lori lilipopiga honi. Mama yangu aliimba sauti ya pili kwenye kwaya, na siku za kazi aliuza vitenge sokoni. Wateja wake wengi walivuka mpaka kutoka Nakonde, upande wa Zambia. Walimwita Mayo, yaani mama kwa Kibemba, naye aliwajibu kwa lugha yao huku akiwakunjia vitambaa. Baba alikuwa Mbozi akitunza kahawa ya familia, na tulimwona mwisho wa wiki.

Mwalimu wetu wa kwaya alikuwa na pumu. Jumapili moja kifua kilimbana kabla ya ibada, akaniomba nisimame mahali pake. Nilikuwa bado mwanafunzi wa sekondari. Nilisimama mbele ya watu wazima, wengine wazazi wa rafiki zangu, na mikono yangu ikawa mizito. Nikamtazama mama. Aliniitikia kwa kichwa, akavuta pumzi taratibu, nami nikainua mikono pamoja na pumzi yake. Kwaya ikaingia. Tangu siku ile sikutaka kazi nyingine.

Mwalimu akanifundisha kusoma noti za muziki. Baadaye shangazi yangu aliyeolewa Zambia akanichukua nikasome huko, kwenye shule yenye piano, na kutoka pale nikapata ufadhili wa kwenda kusoma muziki Ujerumani. Miaka ya mwanzo nilikuwa nikiwapigia piano mazoezini waimbaji wa opera, yaani igizo linaloimbwa mwanzo hadi mwisho. Kisha mwongozaji mmoja aliugua wakati tiketi zimeshauzwa, na mimi ndiye niliyeijua kazi yote kwa moyo. Baada ya hapo mialiko ilianza kuja, mji baada ya mji, nchi baada ya nchi. Nguo zangu zilikaa zaidi kwenye begi kuliko kabatini.

Baba alipofariki, nilimwomba mama aje akae nami kidogo. Alikubali msimu wa kahawa ulipokwisha. Alifika na sweta mbili, karanga za kukaanga na vitenge vya zawadi, maana hakujua atakutana na nani.

Wakati huo nilikuwa naongoza opera ya mama anayemsubiri mwanawe aliyekwenda ziwani kuvua. Mwishoni wanamletea maiti, naye anaimba akiwa amepiga magoti kando yake. Mwimbaji wa nafasi hiyo alikuwa mwanamke wa makamo, mkimya, mwenye sauti iliyoweza kuijaza nyumba nzima bila kupayuka. Katikati ya mazoezi aliwahi kuomba ruhusa ya siku chache kwa mambo ya nyumbani, akarudi, akaendelea na kazi. Hakuna aliyemuuliza zaidi.

Mama alikuja kutazama onyesho la mchana wa Jumapili. Nilimkalisha kiti cha mbele pembeni, ambako niliweza kumwona nikigeuza shingo. Hakuelewa neno hata moja la kile kilichoimbwa. Maiti ilipoletwa, nilimwona akikivua kitenge chake begani na kukikunja mapajani.

Watu walipomaliza kupiga makofi nilimfuata.

"Nipeleke kwa yule mama," akasema.

"Mama, ni igizo tu. Yule kijana aliyekufa yuko nyuma huko, anakunywa chai."

"Najua ni igizo. Lakini mtu amelia vile mbele ya watu, halafu aende nyumbani kwake bila hata mmoja kumpa pole?"

Nilimpeleka. Mwimbaji alikuwa chumbani kwake, bado amevaa gauni la jukwaani, anafuta rangi usoni. Nilimweleza kwamba mama yangu anataka kumsalimu. Mama hakungoja nimalize. Alimfunika mabega kwa kitenge, kisha akaketi chini sakafuni, miguu ameinyoosha mbele, kama wanawake wa kwetu wanavyoketi msibani. Akaushika mkono wa yule mwimbaji.

"Pole, mwanangu," akasema. "Pole sana."

Nilifungua mdomo nitafsiri. Haikuhitajika. Mwimbaji alimtazama, akateremka kitini akaketi kando yake, gauni lote likatanda sakafuni. Akalia. Hakikuwa kilio cha jukwaani, ambacho mimi nilikijua kipimo chake. Kilikuwa kilio kibaya, cha kukatika pumzi. Mama alimvuta, akakilaza kichwa chake begani mwake, akawa anampapasa mgongoni huku akisema maneno ya Kinyiha, lugha ya kwetu, yale aliyotuambia sisi watoto wake tulipokuwa na homa.

Alipotulia, mwimbaji alinieleza. Siku zile alizoomba ruhusa alikwenda kumzika mama yake. Alirudi kazini mara moja kwa sababu aliogopa akikaa nyumbani hataweza tena kusimama.

"Amekuambia nini?" mama akauliza.

Nikamwambia. Mama akamrekebishia kitenge mabegani.

"Basi leo hatarudi peke yake," akasema. "Mwambie atakula kwetu."

Jioni ile tulikula wali na maharage kwenye meza yangu ndogo, na ikawa hivyo kila onyesho lilipokuwa la mchana. Walizungumza bila lugha. Mama alimfundisha kusema "shikamoo", naye alipoisema kwa lafudhi yake mama alicheka mpaka akajifuta machozi. Mama aliporudi nyumbani, yule mwimbaji ndiye aliyemsindikiza pamoja nami hadi uwanja wa ndege, na wote wawili walikataa kuachiana mikono mpaka askari wa mlangoni akakohoa.

Msimu uliofuata aliniambia anataka kuja Tunduma. Tulifika Mbeya kwa ndege, tukaendelea kwa gari kando ya foleni ndefu ya malori yanayongoja kuvuka. Mama alikuwa barabarani akitungojea, amevaa nguo ya kanisani ingawa ilikuwa Alhamisi.

Mchungaji alitaka mgeni aimbe peke yake Jumapili. Mwenyewe aliomba asifanye hivyo. Alisimama katikati ya wanawake wa sauti ya pili, bega kwa bega na mama, akashika maneno ya Kiswahili kama alivyoweza, na sauti yake aliipunguza hadi ikachanganyika na zao. Nilikuwa mbele nikiongoza. Nilijaribu kuisikiliza peke yake, nikashindwa kuitenga.

Siku iliyofuata tulikwenda Mbozi kwenye shamba la baba. Wao wawili waliketi uani wakichambua kahawa juu ya mkeka. Mgeni alikuwa amejifunza maneno machache ya Kiswahili, na kwa maneno hayo alikuwa akimsimulia mama habari za marehemu mama yake: alipenda maua, alikuwa mkali, alipika samaki vizuri. Mama aliitikia kila jambo, "Enhe," bila kuinua macho kutoka kwenye kahawa.

Niliwaacha hapo. Nikachukua ndoo, nikaenda kumtekea mgeni maji ya kuoga.