Mbaazi za Hitima

Jua halijapanda juu ya paa za soko la Marikiti, na Eddah Kazungu anamimina tui zito kwenye sufuria ya mbaazi anazouza hapo. Mkono mmoja unamimina, wa pili unakoroga bila kusita. Tui likikatika, mbaazi hizo atazila mwenyewe.

"Mama ndiye aliyenifundisha," anasema.

Mama huyo hakumzaa. Ni marehemu Bi Shuekha wa Kibokoni, Mji wa Kale, ambaye Eddah alimfanyia kazi miaka tisa, akiwalea watoto wa bintiye, Thuwaiba. Eddah ni Mgiriama, Mkristo kutoka Kaloleni.

Siku ya kwanza alichukua sahani yake akaenda kulia jikoni, kama alivyozoea kwa tajiri wake wa zamani. Bi Shuekha akamfuata huko huko.

"Ndoo tule pamoja, mwanangu," alimwambia. "Nyumba hii ina sinia moja."

Eddah akalila neno hilo pamoja na wali. Homa ilipomshika, Bi Shuekha alimkanda kwa mikono yake. Pasaka alimpa nauli na zawadi za kwao. Nani asingeamini kwamba ni mwana wa nyumba?

Mwaka 1994 Bi Shuekha akafariki, na Eddah akamlilia Kigiriama. Alijitupa uani, akapiga mayowe, akamwita kwa jina. Wanawake waliokuwa wakisoma Yasini wakanyamaza. Thuwaiba akaagiza atolewe nje.

"Alisema, 'Huyu ni mtumishi tu, hana adabu.' Jeneza lilinipita nikiwa kichochoroni. Jioni nguo zangu zikaletwa mlangoni, zimefungwa kwenye leso."

Baadaye mteja mmoja, mama wa Kiislamu, alimweleza kwamba kwao maiti haombolezwi kwa mayowe. Eddah anakunja uso akilikumbuka hilo.

"Kwetu mama haliliwi kimya kimya akazikwa. Mimi sikujua. Lakini miaka tisa, hata mmoja hakuweza kuniambia, 'Eddah, nyamaza'? Ningenyamaza."

Mombasa tuna maneno matamu ya kuwaitia wafanyakazi wetu: mwanangu, dada, wa kwetu. Msiba ukiingia ndipo hujulikana nani alikuwa akisema kweli. Katika nyumba ile alikuwa mmoja, na ndiye aliyezikwa.

Wiki hii Thuwaiba ametuma mtu Marikiti. Ijumaa ni hitima ya Bi Shuekha, kisomo cha kumrehemu, na anataka mbaazi za Eddah, sufuria mbili. Mbaazi zipitishwe mlango wa uani. Mwaliko haukutajwa.

Wenzake sokoni walimwambia akatae. Anakiri kwamba alitamani kuzitia chumvi tele. Lakini Mama alizipenda mbaazi hizi, na Eddah hawezi kumharibia chakula chake.

Anafunika sufuria, anajifuta mikono.

"Nitapita mlango wa mbele. Nitatua sufuria, nitakaa kwenye sinia. Safari hii silii," anasema. "Nataka nione watanitoa kwa kosa gani."