Milioni Moja na Tatu

Baba alifundisha hisabati Kongwa hadi alipostaafu. Macho yake yaliharibiwa na vikope, ugonjwa uliomwanza utotoni, kope zikageukia ndani na kukwaruza jicho miaka nenda rudi. Daktari wa mjini Dodoma alituambia wazi kwamba upasuaji ungezuia kope zisiendelee kukwaruza, lakini kovu lilikuwa limeshatanda juu ya mboni na halitoki.

Baba akaamua kuutumia mwanga uliobaki kwa namba moja: 1,000,003. Alitaka kujua kama ni namba tasa, yaani haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe. Milioni moja na moja alishaipasua: ni 101 mara 9,901. Milioni moja na mbili ni shufwa. "Hii ya tatu ndiyo inanikatalia," aliniambia. Aliigawa kwa saba, ikabaki nne. Kwa kumi na moja, nne. Kwa kumi na tatu, nne tena. Akacheka peke yake. Hakuhitaji kuvuka elfu moja, maana kama kungekuwa na namba mbili zinazozidishana kuipata, mojawapo ingekuwa chini ya hapo.

Nilikuwa karani kwenye ofisi za serikali Mtumba, nikienda Kongwa kumwona kila Jumamosi. Mwezi wa pili, nikiwa ofisini, niliitafuta namba ile kwenye simu. Jibu lilikuja papo hapo: ni tasa. Sikumwambia.

Kufikia kiangazi hakuona tena mwandiko wake. Nikawa namsomea kutoka daftari lake namba tasa za kugawia, moja baada ya nyingine, yeye anagawa kichwani.

"Mia sita na kumi na tatu," nikasema.

Midomo ilimcheza kwa muda mrefu. "Inabaki mia mbili."

"Mia sita na kumi na saba."

Akapotea katikati. Akaanza upya, akapotea. Mara ya tatu alinishika mkono ili nisimharakishe, nami nilikuwa nimechoka na safari.

"Baba, haigawanyiki. Ni tasa. Nimeona kwenye simu."

"Umeona lini?"

"Mwezi wa pili."

"Kumbe siku zote hizo ulikuwa unanisindikiza tu."

"Nilidhani unafurahia, Baba."

"Nilikuwa nafurahia."

Akaniomba nifunge daftari.

Jumamosi iliyofuata nilimwamkia, akaitikia marahaba yake kama kawaida. Nikamsihi tuendelee palepale tulipoishia. "Ya nini, mwanangu?" akauliza, bila hasira. Laiti angekasirika.

Tangu hapo anakaa barazani mchana kutwa, mikono mapajani, anajibu akiulizwa. Niliimaliza kazi mwenyewe, jioni baada ya jioni, hadi 997, namba tasa ya mwisho chini ya elfu, ikabaki kumi na mbili. Nikaenda kumsomea ukurasa wa mwisho.

"Sawa," alisema, akaomba maji ya kunywa.