Mluzi Chini ya Kitambaa

Katika soko moja la Kicukiro, upande wa vitenge, kulikuwa na meza mbili zilizogusana hata mgeni akadhani ni biashara moja. Ya kushoto ilikuwa ya Illuminée, mama wa miaka hamsini na tisa aliyekulia Bujumbura. Ya kulia ilikuwa ya Mukunde, aliyekulia Ngara, Tanzania. Wateja waliwasemesha Kinyarwanda, wao kwa wao walizungumza Kiswahili, na kwa miaka kumi na moja Mukunde alikuwa sikio la mwenzake.

Sisemi hivyo kwa kupamba. Usikivu wa Illuminée ulikuwa unaondoka kidogo kidogo. Mteja akiuliza kwa sauti ya chini, Mukunde alimgusa kiwiko, mara moja kama ni bei, mara mbili kama ni rangi. Hawakukaa chini wakapanga. Ilianza yenyewe, na hakuna aliyewahi kuitaja. Penye maneno marefu Illuminée alitikisa kichwa tu na kusema "yego", ndiyo, kwa kila kitu.

Hiyo yego ndiyo iliyomponza. Asubuhi moja ya mwezi wa pili Mukunde alifika na begi la safari, akasimama mbele yake, akamweleza jambo refu. Soko lilikuwa limeshachangamka. Illuminée hakuambulia kitu, ila aliona mwenzake ana haraka, akadhani anaaga kwenda kununua mali.

"Yego," akasema, akatabasamu.

Mukunde alimtazama kidogo, akaondoka. Mchana ndipo Shafiq, muuza nyuzi na zipu wa meza ya mbele, alipokuja kumpigia kelele sikioni: mama yake Mukunde amefariki, Mukunde kaenda Ngara kuzika.

Illuminée alikaa juu ya robota la vitenge, hakuuza tena siku hiyo. Mtu kamletea msiba, yeye kamtabasamia.

Jioni alimpigia simu binti yake. Christella alikuwa amemsihi miaka miwili akapimwe masikio, na miaka miwili mama alijibu kwamba haumwi. Sasa alisema neno moja tu: "Nipeleke."

Walimkalisha katika chumba kidogo, wakamvisha vifaa vya kichwani, wakampa kitufe cha kubonyeza kila akisikia mlio. Alikaa muda mrefu bila kubonyeza, akadhani mashine haijawashwa. Ilikuwa imewashwa. Baada ya siku kadhaa akapewa vifaa viwili vya kusikia, vidogo, vya kukaa nyuma ya sikio, na kiziba laini cha kuingia ndani.

Siku za kwanza zilimchosha. Mfuko wa plastiki ulipiga kelele kama mvua ya mabati, na ndala zake zilimfuata kila aendako. Lakini mteja alisema polepole, "Hii ya bluu iko na ingine?" naye akamjibu papo hapo, bila mkono wa mtu kwenye kiwiko. Muda mrefu mno hakuwa amefanya hivyo. Aliinama akajifanya anakunja kitenge, maana macho yalimjaa.

Tatizo lilikuwa mluzi. Alipomkumbatia Christella, kifaa kililia fiiii katikati ya nyuso zao. Alihofia soko: wangempa jina, wangeanza kumsemesha kama mtoto. Basi akafunga kitambaa kichwani, akakikaza kikafunika masikio. Mluzi ukazidi. Akakaza tena.

Mukunde alirudi baada ya wiki tatu, amekonda. Mnajua kwetu aliyefiwa hapewi mkono mtupu. Anakumbatiwa, kichwa upande huu, kisha upande ule, polepole. Wanawake wa mstari mzima walimkumbatia. Alipofika kwa Illuminée alifungua mikono yote miwili, akamwegemea. Kitambaa kikagandamizwa, mluzi ukaanza. Illuminée akaruka nyuma kama aliyeungua. Akanyoosha mkono.

"Ihangane," akasema. Neno la kumpa pole mfiwa, kalisema kwa mbali.

Mukunde aliupokea mkono ule mbele za watu.

Siku tatu walikaa meza kwa meza, kila mmoja na wateja wake. Siku ya nne mteja alinong'ona bei, na Mukunde, kwa mazoea, akanyoosha mkono kugusa kiwiko. Kiwiko hakikungoja kuguswa. Illuminée alikuwa ameshajibu.

"Kumbe unasikia," Mukunde akasema.

"Kidogo."

"Umeanza lini?"

Illuminée alipanga vitenge vilivyokwisha kupangwa.

"Kwa hiyo hata siku ile ulisikia. Nikakwambia mama amekufa, ukanichekea."

"Mukunde, hapana..."

"Miaka yote hii nakugusa kiwiko kama mjinga."

"Mama Christella ameamka na masikio ya sungura," Shafiq akatania, akitaka kupoza. Hakuna aliyecheka. Kesho yake Mukunde alibadilishana nafasi na muuza mapazia wa mwisho wa mstari.

Wiki hiyo Illuminée alikuwa na miadi ya kurekebishiwa vifaa. Mtaalamu, kijana mpole aitwaye Bayingana, alifungua kile kitambaa akaguna.

"Mama, sauti inatoka, inagonga kitambaa, inarudi ndani. Ndiyo mluzi huo. Na viziba hujaviingiza vizuri. Kwani unamficha nani?"

"Watu."

"Na watu wanasemaje?"

"Wanasema nina dharau."

Alibadilisha viziba, akapunguza sauti kidogo hapa na pale. Alimwonya kwamba mtu akimkumbatia sana vinaweza kulia bado.

Jumapili, baada ya misa, Illuminée alikwenda Kagarama, nyumbani kwa Mukunde. Alifunga kitambaa juu zaidi, masikio yakabaki nje, vifaa vikaonekana wazi. Njiani watu wawili walivitazama. Aliwaacha watazame.

Mukunde alifungua mlango, hakumkaribisha, hakumfukuza. Illuminée alimgeuzia shavu, akaonyesha kidole nyuma ya sikio.

"Nilivipata ukiwa msibani. Kabla ya hapo nilikuwa sisikii, wewe unajua kuliko mtu yeyote. Siku ile sikusikia hata neno. Nilisema yego kama ninavyosema siku zote. Na ulivyonikumbatia hivi vilipiga kelele, nikaona aibu."

"Ukaona aibu yako, yangu hukuiona."

"Ndiyo."

"Ungeniambia mimi. Wengine sawa. Lakini mimi?"

Illuminée alivuka kizingiti. Alimkumbatia tu, upande huu, kisha upande ule. Kifaa kilitoa mluzi mwembamba, naye hakujitoa. Mukunde alisimama mikono chini. Mluzi ulipokoma akajitenga, akaenda kwenye jiko la mkaa kugeuza sufuria, akampa mgongo. Akasema taratibu sana, akiwa ameuelekeza uso ukutani, mahali ambapo midomo haisomeki:

"Mama alikuulizia kwenye simu. Siku mbili kabla hajafa."

Maji yalikuwa yakichemka. Illuminée alisikia maji, na alisikia sauti ya rafiki yake, nyembamba kuliko alivyoikumbuka, imechakaa kidogo mwishoni.

"Aliniulizia nini?" akasema.

Mukunde hakugeuka. Lakini kwa mguu alisogeza kigoda, kikaja karibu na jiko.