Maziwa Hayafiki Mapafuni

Sijawahi kuwa mtu wa kunyamaza, na siku paa la nyumba tuliyopanga hapa mtaa wa Pioneer lilipobomolewa sikuona sababu ya kuanza. Paa lilikuwa la asbesto, yale ya zamani ambayo vumbi lake huharibu mapafu. Mwenye nyumba, badala ya kuwaita watu wenye leseni ya kazi hiyo, alituma fundi mmoja wa kijiji cha Chepsaita na nyundo yake. Skrubu zilikuwa zimeshika kutu, basi fundi akawa anavunja tu. Vumbi jeupe likatua kwenye nguo za watoto nilizoanika uani, na majirani wakaanza kuchagua vipande vizuri wakaezekee mabanda ya kuku.

Nilimwita fundi ashuke. Alicheka, akaniinulia pakiti ya maziwa.

"Mama, usijali. Hii vumbi tumezoea. Nikimaliza nakunywa maziwa, kifua inakuwa safi."

Hapo nikapandwa na hasira. Marehemu baba yangu alikuwa fundi wa mapaa hayo hayo. Kila jioni alikunywa maziwa, sisi watoto tukanywa strungi, chai isiyo na maziwa. Mwishoni hakuweza kutoka kitandani hadi mlangoni bila kuishiwa na pumzi. Maziwa huenda tumboni. Vumbi lilikuwa mapafuni. Nilimwambia fundi hayo kwa sauti, mtaa mzima usikie, kisha nikaondoa ngazi aliyopandia.

Alifoka huko juu ya ukuta. Jirani mmoja akaniita kichwa ngumu, nikamwambia asante. Nikampigia mwenye nyumba simu: "Fundi wako hataendelea. Lete wanaojua hii kazi." Nikalowesha vipande kwa maji ili vumbi litulie, na kila jirani aliyebeba kipande nikamrudisha nacho. Mama mmoja alisonya, lakini alikirudisha.

Nilipoinua macho, fundi alikuwa ameacha kufoka.

"Mzee wako alifanya hii kazi miaka ngapi?"

"Kumi na mbili."

Alitazama nyundo yake. "Mimi niko na kumi na tano."

Idadi hiyo iliniuma kuliko kelele zake zote. Nikairudisha ngazi, nikaishika kwa mikono miwili.

"Shuka polepole," nikasema. "Kesho asubuhi tunaenda hospitali upigwe picha ya kifua. Usipokuja, nitakufuata Chepsaita nikutoe nyumbani mbele ya mke wako."